Shimo la Hatua Sitini

Hivi wewe mwenzangu, kati ya kusema uongo na kunyamaza baadaye, kipi unadhani kinamzeesha mtu zaidi?

Nilikuwa na miaka kumi na saba, nimemaliza darasa la saba, nilipoajiriwa kumshikia mpima ramani fimbo yake ndefu yenye mabaka mekundu na meupe. Machimbo ya shaba yalikuwa yamefungwa. Sasa palivunwa magogo, na kampuni ya mbao ilitaka ramani ionyeshe kila kilima, kila kijito, kila shimo la zamani. Jioni mpima alinisomea karatasi yake nami nikathibitisha. Shimo lilikuwa duara dogo la penseli. Nyumba yoyote iliyokuwa ndani ya hatua mia kutoka kwenye shimo ilibomolewa.

Yetu ilikuwa hatua sitini kutoka shimo mojawapo. Mama alikuwa ameipaka chokaa wiki ileile, vidole vimemchubuka.

"Hapa pana shimo?" mpima akaniuliza.

"Lilifukiwa zamani, bwana. Tunapanda maboga juu yake."

"Wewe ndiye mwenyeji," akasema, akafuta, akapuliza vumbi la raba.

Nilijua lilikuwa limefunikwa tu kwa magogo yaliyooza na udongo wa kina cha kiganja kimoja.

Mwaka uliofuata kampuni iliiamini ramani, ikapitisha barabara kandokando ya shimo lile. Kaka yangu alikuwa dereva. Siku ya mvua ukingo ulititia, lori likabingirika bondeni na mzigo wake. Msimamizi akatangaza kwamba dereva alikuwa amelewa.

Wifi yangu akabaki na jina: mjane wa chupa. Walimwita hivyo bombani, wakicheka. Nami nilikuwa papo hapo kwenye foleni, nimeinamia ndoo yangu kama niliyepoteza sindano ndani yake.

Miaka arobaini na sita. Mwezi uliopita wakaja wapima vijana kuihuisha ramani ya zamani, wakaitandaza mezani kwa wifi.

"Mwulizeni huyu," wifi akatania, "ndiye aliyekula mshahara wa ramani!"

Wakacheka. Mimi nikaweka kidole.

"Hapa pana shimo. Nililificha ili nyumba yetu isivunjwe. Ndilo lililomuua kaka."

Wifi aliacha kukunja nguo. Nilingoja kofi, ningelipokea.

"Kwa hiyo hakuwa amelewa?"

"Hakuwa amelewa, wifi."

Hakunitazama. Alisimama, akatoka hadi barazani walipokuwa majirani, akasema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake:

"Mume wangu hakulewa."