Waridi la Kuiba Balnorrie

Ishbel hakuja Balnorrie kutazama kasri. Minara ile aliijua tangu utotoni, na picha za mababu wenye masharubu hazikumhusu. Alikuja kuiba. Baridi ya Januari ilikuwa imeua waridi jeupe ambalo marehemu mumewe, Torquil, alilipanda mlangoni pao mwaka walipooana, na waridi lile haliuzwi dukani. Lipo bustani hii tu.

"Dada, tutafungwa na uzee huu," mdogo wake Una alinong'ona, tena kwa raha tupu.

"Nyamaza. Mtu akija, kohoa."

Una akakohoa. Ishbel akageuka, mkasi mkononi. Nyuma yake amesimama Bibi Honor, mwenye kasri, na ndoo yake ya mbolea. Kweli, siku za mwizi ni arobaini!

"Tawi hilo limekomaa mno, halitashika," Bibi Honor alisema. "La nini?"

Ishbel akaeleza yote. Bibi Honor akachagua kitawi kichanga, akakikata, akampa.

"Asante sana, Bibi!"

Lo! Una akajishika kichwa. Huko kwao kila mtu anajua kwamba mmea wa kupewa haushukuriwi. Ukisema asante, umeuua. Ishbel, mpanda maua wa miaka nenda miaka rudi, furaha ilikuwa imemponza. Machozi yakamlengalenga. Aliona kama amemzika Torquil mara ya pili.

"Hebu nirudishie," Bibi Honor akasema. Akakitupa kwenye majani, akawapa mgongo, akaukodolea macho msitu wa mialoni ng'ambo ya ua. "Mialoni ile ni mikongwe kuliko kasri, mnajua? Nikianza kuitazama, sioni wala sisikii. Mtu anaweza kuniibia hata ndoo."

"Iba, dada!" Una akamsukuma. "Cha wizi ndicho kinachomea!"

Ishbel akakiokota, akakiviringisha kwenye leso iliyolowa, akakitia mkobani. Shukrani zilimjaa kifuani, na pa kuzitua hana. Mwisho zikamtoka vinginevyo.

"Bustani yako imejaa magugu, Bibi!"

"Na wewe ni mwizi usiye haya!" Bibi Honor alicheka bila kugeuka. "Toka hapa kabla sijafungulia mbwa. Na likichanua, ole wako uniletee hata ua moja!"