Kisanduku cha Mwanga

Ijulikane kwa watu wote wa Butembo na Beni, vita viwepo visiwepo, kwamba mwaka huu wa 2001 sayansi imefika zahanati ya Bulengera. Imefika kwa fomu yenye visanduku ishirini na kimoja, na mimi Kyakimwa, mwanafunzi wa bweni, nimeteuliwa kuijaza. Niliteuliwa kwa sababu nilikuwa kwenye adhabu.

Zamani kila maabara iliripoti chembe nyeupe za damu, zile zinazolinda mwili, kwa mtindo wake. Daktari wa Beni, anayetafiti dawa ya kuziongeza, akawa anapokea tarakimu zisizolingana. Ndipo ikaja fomu: watu wawili wahesabu, kila mmoja peke yake, waandike saa, darubini, hata mwanga uliotumika.

"Bado rangi ya soksi," nilimwambia Paulin, fundi wa maabara na mhesabu mwenzangu. Hakucheka.

Alhamisi aliletwa Zawadi, mtoto wa miaka minne, homa siku ya tisa. Paulin alihesabu: elfu moja mia mbili. Aliye chini ya elfu mbili hupelekwa Beni, na njia ya Beni ilikuwa na watu wenye bunduki. Juzi tu walichoma lori. Nilijaza sehemu yangu upesi kuliko kawaida.

"Yako ngapi?" aliuliza Masera Virginie, mtawa mkuu wa zahanati.

"Elfu moja mia mbili hamsini, masera."

"Basi tunaenda," alisema Papa Shafii, baba wa mtoto. Alimfunga Zawadi kifuani kwa kitenge, akatoka uani, akawasha pikipiki.

Masera alikuwa bado anasoma fomu. Kidole chake kilisimama.

"Mwanga: jenereta. Jenereta gani, Kyakimwa? Basoda balibeba mazutu yote asubui." Ni kweli, wanajeshi walikuwa wameondoka na dizeli yote.

Paulin aligeuka kutazama dirishani, kwenye kioo kidogo alichotumia kuelekezea jua kwenye darubini.

"Masera, nilichanganya tu…"

"Hapana. Ulihesabu ao haukuhesabu?"

Pikipiki ilikuwa imeanza kugeukia lango. Nilitoka mbio, nikashika usukani kwa mikono miwili.

"Papa Shafii, zima moteri! Sikuangalia kitu. Nilichungulia karatasi ya Paulin, nikaongeza hamsini ili ionekane ya kweli. Hakuna aliyehesabu mara ya pili. Kama Paulin alikosea, mtoto anaingia njia ile bure."

Alizima. Nyuma yangu nilisikia masera akivuta kiti mbele ya darubini.