Tetemeko la Ghorofa ya Tatu

Mtunza data wa idara ya jiolojia alifuta vumbi kwenye kioo cha kompyuta kwa mkono wa shati, akaandika msimbo wa mistari michache. Msimbo huo uliiuliza huduma ya mtandaoni inayohifadhi matetemeko yote ya ardhi: siku kile kiwanda cha mashati kilipoanguka, pale pale kiwandani, ardhi ilitikisika? Tume ya uchunguzi ilikuwa imeshasema ilitikisika. Mke wa mtunza data alikuwa mshonaji wa ghorofa ya tatu, na alifia humo.

Jibu likaja tupu.

Akapunguza kiwango cha chini cha ukubwa, akaomba upya. Tupu. Akakishusha hadi chini ya sifuri, kwenye mitikisiko ambayo binadamu haihisi. Hapo data ikaanza kuingia, mstari baada ya mstari, na kila mstari ulipoingia, sakafu ya ofisi ilitoa sauti ya hatua moja.

Alimtambua papo hapo. Mkewe aliburuta kidogo mguu wa kushoto.

"Ni shemeji yako huyo," alimwambia mwenzake wa meza ya pili.

"Pole sana." Mwenzake akavuta mkoba wake usije ukakanyagwa. "Anaelekea wapi?"

Wakaiweka data kwenye ramani ya jengo. Hatua zilitoka kwenye cherehani hadi nguzo ya kati, zikasimama. Zikashuka ngazi hadi mlangoni kwa mwenye kiwanda, zikasimama tena, safari hii kwa muda mrefu. Kisha zikapanda, moja moja, hadi kwenye cherehani. Baada ya hapo hapakuwa na mstari mwingine.

"Aliiona nguzo imepasuka," mwenzake akasema.

"Aliiona. Akaenda kumwambia. Akaambiwa arudi kazini."

Mbele ya tume mtunza data aliuendesha msimbo ule ule. Hatua zikapita katikati ya ukumbi. Wajumbe wakarudisha miguu chini ya viti kistaarabu, mmoja akasogeza meza kupisha njia. Zilimfikia mwenye kiwanda aliyeketi mbele, zikasimama. Yeye alikuwa akisoma ujumbe kwenye simu.

Mwenyekiti akavua miwani. "Tunakushukuru, kijana. Kwa hiyo haya ndiyo matetemeko?"

"Ni hatua zake, mheshimiwa."

"Lakini yamo kwenye orodha ya matetemeko."

"Zimo."

"Siku ile ile, jengo lile lile?"

"Ndiyo, ila alikuwa anakwenda kutoa taarifa..."

"Basi huu ndio ushahidi tuliokuwa tumeukosa," mwenyekiti akamgeukia karani. "Andika kwamba lilianzia ghorofa ya tatu."

Jioni redio ilisoma ripoti. Tetemeko lilikuwa limethibitishwa kitaalamu. Mwenye kiwanda angejenga kingine, na wafanyakazi wake wangetakiwa kutembea taratibu.

Mama mkwe wake alikuwa jikoni anachambua mchele. Akaweka ungo chini.

"Kumbe lilikuwa tetemeko kweli," alisema. "Na mimi moyo wangu ulishaanza kumchukia yule bwana wa watu."

Mkwewe akauokota ungo, akauweka mezani.

"Si umesikia, mwanangu? Hakuna wa kulaumiwa. Ni Mungu tu."

Alimtazama yule mama, uso wake uliokuwa umekunjamana tangu msibani, sasa unaanza kulegea.

"Ndiyo, mama," akajibu.

Akamsaidia kuinjika sufuria.