Pasi ya Mwaka wa Kumi na Tisa

Katibu wa mashindano alifika nyumbani saa nne asubuhi, daftari kwapani. Mashindano ya snuka, mchezo wa kusukuma mipira mezani kwa fimbo, ya wachezaji wa kulipwa yalikuwa yanatimiza miaka ishirini na tano, na kamati ilitaka kitabu cha historia yake. Baba, aliyekuwa fundi wa meza tangu mwaka wa kwanza hadi wa kumi na tisa, alimpokea akiwa kitandani. Mapafu yalikuwa yamemchosha.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Umenenepa, Katibu. Naona kamati inakula vizuri."

Katibu akacheka. Baba akamsimulia mwaka wa kwanza, wachezaji sita tu na paa linavuja, mtu akashika mwavuli juu ya meza hadi mchezo ukaisha. Akamsimulia mwaka wa saba, bingwa alipoinama kupiga mpira wa mwisho kizibao kikapasuka mgongoni. Katibu aliandika mbiombio. Mimi, binti yake, nilikaa mlangoni nikimenya vitunguu, nikingoja mwaka mmoja tu.

"Sasa mwaka wa kumi na tisa," Katibu akasema, bila kumtazama. "Fundi, huo hatuwezi kuuruka."

Nikaweka kisu chini.

Kitambaa cha meza ya snuka kina manyoya madogo yaliyolala upande mmoja, kuelekea kwenye mpira mweusi. Pasi ya kunyoosha kitambaa hicho hufuata njia hiyo hiyo. Ukifika mwisho unainyanyua, unarudi kuanza upya, la sivyo manyoya yanavurugika na mpira unapinda. Baba alinifundisha hivyo tangu nilipoacha shule. Siku ya fainali ile alikwenda kutazama taa, akaniachia pasi. Nilikuwa na haraka. Nikaipeleka na kuirudisha, kama ninayenyoosha shati. Fainali ilipofika mwisho, mchezaji tuliyemwita Bwana Harusi alibakiwa na mpira mweusi peke yake. Akausukuma polepole. Ulikwenda sawa, kisha karibu na shimo ukapinda, upana wa kidole. Ubingwa ukamponyoka. Kamati ilipouliza nani alipiga pasi, Baba alisema, "Mimi." Hakugusa tena meza ya mashindano.

"Ni mimi," nikasema. Sauti ilitoka ndogo, nikarudia. "Katibu, niliyepiga pasi ni mimi. Baba hakuwepo."

Katibu akageuka. Nadhani alikuwa hajawahi kunisikia nikizungumza.

"Usimsikilize," Baba akasema. "Ananihurumia tu. Huyu angeweza, angenikoholea hata kikohozi."

"Baba, niache niseme."

"Niletee maji, mama."

"Baba..."

"Maji, mwanangu."

Nikaenda. Kutoka jikoni nilimsikia akieleza, akipumzika kila maneno matatu, jinsi alivyopiga pasi vibaya siku ile. Alitaja kona alipoanzia na mkono ulivyochoka. Alieleza vizuri kuliko ambavyo ningeweza mimi niliyefanya. Niliporudi, daftari lilikuwa limeshafungwa.

"Asante kwa ukweli, Fundi," Katibu akasema.

Kitabu kilitoka wiki tatu baada ya kumzika Baba. Mwaka wa kumi na tisa una mistari miwili, na wa pili unasema meza iliharibika kwa uzembe wa fundi. Nilikwenda ofisini kwa Katibu, nikamwambia tena, safari hii nikiwa nimesimama. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanipa pole, akasema baba yangu alikuwa muungwana, maana si wengi wanaokiri kosa lao.