Waliokaa Hewani

Karakana ya useremala ilikuwa na vyumba viwili. Cha mbele ndimo fundi alimokata mbao, akapiga randa na kupaka vanishi. Cha nyuma alimwachia Mwalimu akitumie kila asubuhi, kwa sharti kwamba watoto wasiguse gundi wala madawati. Madawati yalikuwa ya zabuni. Yalipangwa ukutani hadi darini, kila moja limechomwa muhuri wa ofisi ya elimu kwa chuma cha moto, yakisubiri lori la kuyapeleka shule yenye geti, ng'ambo ya barabara kuu.

Watoto wa darasa hilo ni wale ambao shule yenye geti haikuwachukua. Wengine hawakuwa na sare, wengine hawakuwa na vyeti vya kuzaliwa, wengine walipitwa na umri wa kuandikishwa huku wakilea wadogo zao. Mwalimu mwenyewe alifundisha shule hiyo mpaka akastaafu, na mazoea ya kazi hayakumtoka. Siku ya kwanza aliingia, watoto wakasimama wakamwamkia. Akageukia ukuta kuandika tarehe kwa chaki, na akiwa amewapa mgongo akasema, kama alivyosema maisha yake yote, "Haya, kaeni."

Alisahau kuwa hapakuwa na pa kukaa. Watoto nao hawakuwahi kuingia darasani, kwa hiyo hawakujua kwamba kuna kitu kimepungua. Walikaa. Alipogeuka aliwakuta hewani, usawa wa magoti, migongo imenyooka, mikono mapajani. Akawatazama mpaka mstari wa nyuma, akamwambia mmoja aache kupigapiga miguu, akaanza kufundisha irabu.

Fundi alichungulia mlangoni, penseli sikioni.

"Mwalimu, hawa wamekaa juu ya nini?"

"Wamekaa darasani. Na wewe punguza huo msumeno, hawanisikii."

"Mie nauliza tu. Maana watoto wote wakizoea hivi, fundi atakula wapi?"

Baada ya muda jambo hilo lilionekana kuwa na utaratibu wake. Mtoto aliyesinzia alishuka taratibu mpaka kwenye maranda ya mbao sakafuni, bila kuumia. Aliyeelewa hesabu alipanda kidogo. Kwa Mwalimu hiyo ilikuwa nafuu, kwani katika shule yenye geti kila alipouliza nani hajaelewa, darasa zima lilinyamaza. Hapa alitazama tu nani yuko chini, akamfuata, akachuchumaa na kurudia somo.

Aliyekaa juu kuliko wote alikuwa msichana waliyemwita Sisimizi, kwa sababu tangu utotoni alibeba ndoo kubwa kuliko yeye. Alfajiri yeye na bibi yake walichotea maji wenye migahawa ya stendi, kisha akaja kusoma, gauni limelowa begani. Masomo ya msingi aliyamaliza mapema. Kilichobaki ni mtihani wa mwisho, ambao bila huo sekondari haimpokei mtu. Na mwaka huo ndio uliokuwa wake wa mwisho: kanuni iliweka ukomo wa umri wa watahiniwa, na mwakani angekuwa ameshauvuka. Mtahiniwa ilibidi atoke kituo kilichosajiliwa. Mwalimu akaomba usajili.

Mkaguzi alikuja na viatu vilivyong'arishwa na futi ya kupimia mfukoni. Alikagua madirisha, akanusa choo, akapima upana wa mlango. Kisha akainama, akapitisha mkono chini ya Sisimizi kutoka kushoto kwenda kulia, akapima tangu sakafuni.

"Kimo kinafaa," alisema. "Lakini madawati siyaoni."

"Hatuna. Wanakaa, kama unavyoona."

"Naona, mama. Ila kanuni inataka dawati. Hewa haimo."

"Basi mtupe madawati. Yale pale yamejaa mpaka darini."

"Yale yana wenyewe."

"Wenyewe ni nani, kama si watoto?"

Mkaguzi alirudisha futi mfukoni. "Mama, mimi nakagua. Sigawi."

Mwalimu akaenda kwa anayegawa. Alingoja kwenye kiti cha plastiki mpaka afisa alipomaliza chai yake. Afisa alikuwa na taarifa ya mkaguzi mezani na alikuwa ameisoma vizuri. Hakuwa mtu mkali. Alieleza kwamba madawati hutolewa kwa watoto wanaokaa sakafuni, na taarifa inaonyesha wazi kuwa hawa hawakai sakafuni.

"Kwa hiyo bila madawati hatusajiliwi," Mwalimu alisema, "na madawati hatupewi kwa sababu tunaweza kukaa."

"Umeelewa haraka. Wengine hunilazimu kurudia."

"Nimeelewa. Kukubali sijakubali."

Afisa alisema kukubali si lazima, akamwita mtu mwingine aliyekuwa akingoja.

Jioni Mwalimu alimfuata bibi yake Sisimizi bombani. Bibi alikuwa akisuuza ndoo kwa mchanga, na hakusimamisha kazi kwa ajili ya habari mbaya.

"Mjukuu wako wamemkatalia," Mwalimu alisema.

"Wamemkatalia mtihani, au wamemkatalia kukaa?"

"Mtihani."

"Basi kukaa hawajakataza. Na huo mtihani unafanyiwa wapi, chini ya ardhi?"

"Ghorofani. Ukumbi wa juu, madirisha yanatazama barabarani."

"Ehe," bibi alisema, akageuza ndoo nyingine. "Sasa wewe uliyesoma unaniuliza nini mimi?"

Siku ya mtihani Mwalimu aliongoza darasa lake la juu kuvuka barabara kuu. Kila mtoto alikuwa na kibao na penseli bapa ya useremala. Vibao hivyo fundi alivikata kwenye mabaki ya mbao za zabuni, akavipiga msasa pande zote mbili, akasema atakayevunja ncha ya penseli atamjua yeye ni nani. Getini alisimama bawabu ambaye Mwalimu aliwahi kumfundisha mwanawe.

"Shikamoo, Mwalimu. Nisamehe, nimepewa amri. Hawa wasipite getini."

"Marahaba. Hatupiti getini."

Akawapeleka kando ya ukuta mpaka chini ya madirisha ya ukumbi. Aliwapanga mstari, akawakagua kucha, akawaambia wakae, na wakishakaa wasogee juu. Walisogea kama watu wanaompisha mgeni kwenye benchi: wakaupita ukuta, wakayapita madirisha ya chini, wakafika yale ya juu. Lori lilipopiga honi mmoja wao alishtuka na kushuka mpaka chini. Mwalimu hakumgombeza. Alimfuta pua, mtoto akapanda upya.

Ndani, watahiniwa walikuwa wamekaa kwenye madawati ya fundi, vanishi bado inanuka. Asubuhi hiyo ilikuwa ya imla na hesabu za kichwani, vitu vya kusomewa kwa sauti. Msimamizi alisogea dirishani, akawaona walio nje, akafungua mwongozo wake. Palikuwa na kifungu cha wanaonong'oneza majibu, na kingine cha wanaorusha vikaratasi. Hawa hawakufanya lolote kati ya hayo. Akarudi mbele, akasoma sentensi ya kwanza. Kisha akairudia kwa sauti kubwa zaidi, uso wake umeelekea dirishani.

Barabarani mwenye baiskeli alisimama akamuuliza Mwalimu huo ni mtihani wa nini. Alipoambiwa, aliegesha baiskeli katikati ya njia na kuwataka wenye pikipiki wazime injini. Mmoja alitaka kujua yeye ni nani hata awaamrishe watu.

"Mimi sikusoma," alijibu mwenye baiskeli. "Zima."

Kengele ilipolia, Sisimizi alikusanya vibao vya wenzake na kuvipitisha dirishani. Msimamizi alivipokea, kwa kuwa kanuni ilimtaka apokee kila kilichoandikwa. Vilisahihishwa pia, kwa kuwa kila kilichopokelewa husahihishwa. Sisimizi hakukosa hata swali moja. Afisa mwenyewe ndiye aliyemwambia Mwalimu hivyo, na akampongeza. Aliongeza kwamba alama hizo haziwezi kuingizwa popote, kwa sababu hazina namba ya kituo. Vibao vyenyewe vilikuwa mbao nzuri, na ofisi ilivitumia kuziba dirisha la stoo lililovunjika.

Matokeo yalipobandikwa, Sisimizi aliyasoma yote, jina la kwanza mpaka la mwisho, akarudi nyumbani akachukua ndoo. Bibi alimnyang'anya.

"Hiyo sekondari nayo haina madirisha?"

"Inayo, bibi."

"Asiyekuwapo na lake halipo. Nenda. Hizi ndoo nilizibeba kabla mama yako hajazaliwa."

Muhula ulipoanza, Sisimizi alikaa nje ya dirisha la kidato cha kwanza, ghorofa ya pili. Mvua ikinyesha alijifunika karatasi ya nailoni. Wiki za mwanzo mwalimu wa kidato alifunga pazia. Kwa kuwa darasa lilikuwa na giza na wanafunzi wake hawakuona ubao, akalifungua. Akiuliza swali lililowashinda wa ndani, hugeuka nje, na jibu hulipata.

Mwalimu hupita chini ya dirisha hilo kila asubuhi akielekea karakana, kwani kuna watoto wapya wanaomsubiri, na ombi la usajili amelipeleka tena na limekataliwa tena. Husimama kusikiliza majina yakiitwa. Yakiisha, sauti husikika kutoka juu ya kichwa chake, bila kuitwa: "Na mimi nipo." Hapo mwanzo daftari la mahudhurio lilifungwa kabla sauti hiyo haijamaliza. Siku hizi mwalimu wa kidato huisubiri mpaka imalize, ndipo akalifunga. Hajaandika kitu. Kesho yake majina huitwa upya, na Sisimizi hupaza sauti kuliko jana.