Trei Iliyojaza Tanuri

...na hata nikiikazia macho vipi, saa ile ya ukutani haitakimbia, dakika sita tu, sita kati ya ishirini, na ikigonga kumi lazima trei igeuzwe, kila kinachoingia kwenye tanuri hili hugeuzwa katikati ya safari, mkate hugeuzwa, skonzi hugeuzwa, hata mimi ningelala humo wangenigeuza, kwa sababu kule ndani nyuma matofali yana hasira na huku mlangoni yana uvivu, nyuma panaungua mbele pangali pabichi, hilo analijua kila aliyewahi kushika pala ya kuingizia mikate hapa, na mimi nimeshika pala hapa miaka minane, mimi ambaye juzi tu niliwaambia watu kwamba nikitia mkono kwenye unga, unga wenyewe unasimama kunisalimia... lo, nimechoka, macho yana mchanga, niko wima tangu saa kumi alfajiri, nimetoa mikate ya mtaa mzima kabla jua halijatoka, wenzangu wakavua aproni wakaenda likizo, mimi nikabaki na joto lililosalia kwenye matofali, joto zuri, joto la biskuti, nikamwomba bosi aniachie ufunguo, akasema chukua, ila usiniunguzie tanuri kwa sifa zako... na Baba amekaa nyuma yangu kwenye benchi, karibu na mlango apate hewa, simtazami lakini namsikia, pumzi yake ina kamluzi, kama birika lililosahauliwa jikoni, anasema kitu kuhusu zamani, kuhusu mwenzake mmoja aliyekuwa akijua mkate umeiva kwa kuugonga tako tu, anasema, huyo hakuwahi kutazama saa, na mimi naitikia mmh, mmh, huku nafikiri trei, trei, trei...

Trei hii nani aliniroga nayo, mdomo huu, mdomo huu ndio ulioniroga, mwaka jana shule zilipofungwa ukoo wote ukakusanyika nyumbani kama kawaida ya kila kiangazi, wajukuu kumi na tisa na wazazi wao na jua lile la kuchemsha ubongo, na shangazi akaleta keki ya dukani, ndogo kama kipande cha sabuni ya hotelini, kila mtoto akapata kipande cha kubandika kwenye ulimi kama stempu, na mimi badala ya kunyamaza kama watu nikasimama katikati ya uwanja nikasema mwaka ujao nitawaokea biskuti moja, moja tu, kubwa kuliko meza hii mnayoilia, yenye chokoleti na peremende za rangi zote, na majina ya watoto wote kumi na tisa yameandikwa juu kwa sukari, na atakayeshindwa kuimaliza ataifanya mlango wa nyumba yake... wakacheka, dada akasema Redio hiyo imewashwa, nani ataizima, ndiyo, mimi Redio kwao, hata jina langu la kuzaliwa wamelisahau, na Baba hakucheka, alisema tu, kubwa kiasi gani, nami nikatanua mikono mpaka mabega yakalia.

Mwaka umeisha, mwezi uliopita nikachukua uzi, nikaingiza kichwa tanurini likiwa limepoa, nikapima mpaka ukuta wa nyuma, nikapima upande hata upande, nikampelekea fundi wa kuchomelea ule uzi wenye mafundo nikamwambia nataka trei ijae yote, isiachwe nafasi ya hata panya kupita, na yule fundi, mtu mpole, akaniuliza na mikono utaingizia wapi, nikamjibu mwokaji hapa ni mimi au ni wewe, akasema haya bwana, mimi nachomelea tu, kuungua utaungua wewe... na nilikuwa na akili wapi, maana mkate naugeuza kwa pala, naingiza, nachota, nazungusha, narudisha, kazi ya kufumba na kufumbua, lakini trei hii hakuna pala ya kuibeba, ni ndefu kuliko mikono yangu miwili, ina vishikio vya mbele na vishikio vya nyuma, ni ya kutolewa na watu wawili, mmoja huku mmoja kule, ikalie meza, izungushwe, irudi ndani, na leo tulipoiingiza tulikuwa watatu, mimi na shemeji tumeshika, dada anapiga kelele polepole polepole, ikaingia, ikakaa kama imezaliwa humo, nami kwa raha ya kuona imeenea sawasawa nikawafukuza, kweli kabisa, niliwaambia nendeni zenu mkalete pikapu, kazi iliyobaki ni ya fundi, na dada mlangoni akageuka akaninyooshea kidole, Baba asishike kitu, umesikia, hata ndoo, nikasema kwani mimi nina shida ya wasaidizi... wakaondoka, vumbi la gari likatua, na hapo ndipo nilipokumbuka kugeuza, vumbi lilipotua, si kabla.

Dakika saba... nimeshatoka nje mara moja kuchungulia, barabara imelala, maduka yamefungwa, jua limewafukuza hata mbwa, na tuseme ningempata mpita njia, mtu asiyejua tanuri ukimpa trei ya moto ataiachia juu ya miguu yako na kukimbia, na pikapu haiwezi kurudi kabla ya nusu saa, shemeji yule anaendesha kama anabeba mayai hata gari likiwa tupu... harufu imeanza, siagi imeanza kuongea, tamu bado, lakini chini ya utamu huo kuna kaharufu kengine, kembamba, kutoka nyuma kushoto, kona ile yenye wazimu, na najua Baba naye amekasikia kwa sababu amenyamaza, hadithi ya mwenzake aliyegonga mikate matako imekatika katikati, miaka ishirini na saba alikula moshi wa tanuri hili, pua yake ni saa ya pili ya chumba hiki... na swali lake bado linaning'inia hapa hewani, aliliuliza pikapu ilipoondoka tu, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeuliza chumvi iko wapi.

"Umepanga kuigeuza na nani?"

Na mimi bila hata kumeza mate nikamjibu hii haigeuzwi, Baba, hii ni ya kisasa, donge lake nimelikanda kwa namna ambayo joto linatembea lenyewe... joto linatembea lenyewe, mimi, mbele ya mtu aliyelijua tanuri hili kabla sijaota meno, na hakunicheka, heri angenicheka, alisema "Sawa," basi, sawa kavu isiyo na maji, na ile sawa nimekaa nayo tangu dakika ile kama mfupa wa samaki kooni.

Lakini ningemwambiaje, ningemwambia nini, njoo unishikie, mtu ambaye nyumbani tunamnyang'anya hata kisu cha vitunguu, Baba kaa tu, Baba acha, Baba tutafanya sisi, daktari alisema unga na moto ndio maadui wa kifua chake na sisi tukaongeza maadui wetu, ndoo, ngazi, jembe, jua, mpaka mtu mzima kama yule kazi yake imebaki kukaa na kutazama wengine wakifanya vibaya vitu anavyovijua... na mbaya zaidi ni mimi, maana mimi ndiye niliyekalia nafasi yake hapa, na yeye hajui nilivyoikalia, anajua ninavyosema, ninavyosema ni kwamba kitabu na mimi hatukuwa ndugu, kwamba darasa lilikuwa dogo na mimi mkubwa, kwamba mwalimu wa hesabu aliniomba mwenyewe niondoke ili naye apate kupumzika, nimeisimulia hivyo miaka minane, watu wanashika mbavu, na Baba alipoisikia mara ya kwanza, akiwa bado kitandani, aligeukia ukutani, mwaka mzima baada ya hapo akawa ananisemesha mezani tu, nipitishie maji, nipitishie chumvi, na nikamsikia siku moja akimwambia jirani mwanangu huyu hana shida ya akili, ana shida ya uvivu, na mimi nilikuwa nyuma ya dirisha na mikono yote ina malengelenge ya tanuri, nikanyamaza.

Kwa sababu kweli yenyewe ni fupi na haichekeshi, wiki ile kifua kilipomwangusha, bosi alikuja nyumbani, akakaa kwenye kiti cha mlangoni hata soda hakunywa, akamwambia Mama kwamba pala haiwezi kukaa bila mtu, kama kuna wa nyumba hii aje Jumatatu, kama hakuna ataleta wa nje, na dada alikuwa amebakiza mwaka mmoja chuoni, na Mama alinitazama halafu haraka akatazama pembeni, kwa vile alivyotazama pembeni ndipo nikajua, nilikuwa na miaka kumi na sita, nilikuwa wa tatu darasani, hilo silisemi, huyo wa tatu darasani nimemzika vizuri, anayejua kaburi lake ni Mama peke yake... na nilimficha Baba kwa sababu angejiona yeye ndiye aliyenitoa shuleni, na kifua kile kisingebeba na hilo, ndivyo ninavyojiambia, ndivyo nilivyojiambia hata leo asubuhi nikikanda... lakini nimechoka, na mtu akichoka hata uongo wake mwenyewe unamponyoka mkononi, tuseme kweli, nusu ya kuficha kule ilikuwa ya Baba na nusu ilikuwa yangu, raha ya kuwa mtu asiyesaidiwa na asiyesaidia, aliyeamua mwenyewe, kidume, nusu ile ndiyo iliyopima tanuri kwa uzi, ndiyo iliyomfukuza shemeji.

Dakika nane na kitu... kaharufu kamenenepa kidogo, si kuungua, ni kuelekea kuungua, na Baba amekohoa, hapana, hakukohoa, amekimeza kikohozi, nakijua kile, anakibana kwa meno ili nisimwambie atoke nje... nimegeuza shingo kidogo, kwa mara ya kwanza tangu trei iingie nimemtazama, na sijui kwa nini macho yangu yalianzia chini, miguuni, amevaa viatu, si kandambili zake zile anazovaa mpaka misibani, viatu, vile vya ngozi ngumu vya kufunika vidole, vya tanurini, dada aliapa alishavitupa, vimepigwa rangi, kamba zimefungwa mara mbili kama anavyofunga mtu anayekwenda kushika kitu cha moto, joto hili, mtu mwenye kifua kile, ametoka nyumbani na viatu vile... mimi nilidhani amekuja kuona nikiaibika, asubuhi nzima nilikuwa najiandaa na vichekesho vya kujikinga, na mtu hakuja kutazama, mtu alikuja kazini, alijua tangu nilipotanua mikono mwaka jana, alipouliza kubwa kiasi gani alikuwa ameshaihesabu mikono inayohitajika, na swali lake halikuwa mtego, lilikuwa ombi, umepanga kuigeuza na nani, na mimi nikamjibu haigeuzwi, nikampokonya na hiki, kama kisu cha vitunguu.

Haya, fikiri, acha maneno, fikiri, trei haiinuliwi, inaburutwa, meza nikiivuta ikabana mdomo wa tanuri kazi ya kubeba inaisha, mimi navuta, mwenzangu anapokea vishikio vya upande wa pili isiteleze, anazungusha hatua nne, basi, hatua nne, kitambaa chenye maji puani, mlango wa nje wazi, hilo kifua kinaweza, na kama hakiwezi yeye atasema, ana mdomo, ni mtu mzima, na dada akirudi atanipigia kelele mpaka jioni mbele ya ukoo wote, apige, nitakaa nizisikilize, na watoto watakula biskuti iliyogeuzwa au watakula iliyoungua kona moja, hilo halinitetemeshi, kinachonishinda ni sentensi moja tu fupi ambayo sijawahi kuisema tangu nina miaka kumi na sita, maneno elfu kwa siku hutoka hapa na hili dogo limekwama mlangoni, na nikilitoa hili lile la shule litakuwa limepanga foleni nyuma yake, nalijua, nalisikia likisukuma, sawa, lisukume, biskuti ikishapoa, tukiwa wawili tu hapa, kabla pikapu haijafika, nitamwambia nilikuwa wa tatu... nimevuta meza, imelia juu ya sakafu, nimelowesha kitambaa, bado sijageuka, uso wangu uko kwenye mlango wa chuma na joto linanikausha macho, afadhali hivyo, macho yakauke.

"Baba, nimekudanganya. Inageuzwa. Na siwezi peke yangu."

Kale kamluzi tu, kanaingia, kanatoka, benchi likalia, na nikafikiri ananyanyuka aondoke, angekuwa na haki, halafu ikaja sauti ambayo sijawahi kuisikia nyumbani, si ya nipitishie chumvi, sauti ya mtu anayezungumza na mwenzake wa kazini, fupi, isiyo na haraka, iko karibu na sikio langu.

"Leta hicho kitambaa. Mlango usiufungue mpaka niseme."

Saa inasema dakika tisa na robo, mlango umefungwa, mkono wangu uko kwenye mpini, unaunguza hata kupitia gunia, na nimesimama hapa, sina la kuongeza, nangoja aseme.