Wa Kumlilia Modestus

Wilfred alinifungulia mlango akiwa na kikombe cha kahawa mkononi, na mimi hata salamu sikutoa. Nilikuwa nimeendesha gari kutoka kwangu Irving mpaka kwake Katy, mwendo wa saa nne, tumbo tupu, bado nimevaa sare ya kazini. Kazi yangu ni kupakia vyakula vya abiria kwenye ndege. Kutwa nazitazama zikiondoka, na sithubutu kupanda hata moja, kwa sababu kesi yangu ya uhamiaji haijaisha na wakili amesema nikitoka Marekani sirudi.

"Kaka, leo unakata tiketi," nikamwambia. "Unakwenda kumtafuta mdogo wetu."

"Ingia kwanza, Mela."

"Siingii. Nataka tarehe."

Niliingia hivyo hivyo, maana majirani zake walishaanza kutuchungulia.

Modestus ndiye kitinda mimba wetu. Alikuwa anasoma udaktari Tbilisi, katika nchi ya Georgia iliyo kando ya Bahari Nyeusi, wala si jimbo la hapa Marekani. Likizo ya Pasaka akaenda magharibi ya nchi ile, Samegrelo, kwa Wamegreli, watu wenye lugha yao ambayo hata wenzake wa darasani hawaielewi. Alipanga kukaa siku chache, akanogewa. Kila jioni alinirekodia sauti. "Dada, huku wanakula ugali! Wanauita ghomi, hawautii chumvi, halafu wanachomeka jibini ndani mpaka inayeyuka. Na pilipili yao, ajika, acha kabisa, nimetoka machozi mbele za watu."

Alinisimulia nyumba za mbao zilizoinuliwa juu ya nguzo, baraza zake zimechongwa nakshi, na uani nyasi nzuri mpaka mtu anaona haya kuzikanyaga. Ng'ombe wanalala katikati ya barabara na magari yanawazunguka. Hilo alilipenda kuliko yote, Mhaya yule. Mama mwenye nyumba aliyofikia, Tsiala, hakumwacha ainuke mezani kabla hajavimbiwa. Alikuwa akimwambia skani goluapiro, yaani nikuzunguke, balaa lako lije kwangu.

Balaa halikwenda kwake. Mto Abasha ulikuwa umefura kwa theluji iliyoyeyuka milimani. Ndama wa Tsiala akateleza, Modestus akaruka kumfuata. Ndama alijitoa mwenyewe mbele kidogo. Modestus hakuonekana tena.

Waokoaji walitafuta mpaka wakachoka, wakafunga shughuli. Mimi sikufunga. Jirani wa Tsiala, mwalimu wa Kiingereza aitwaye Mzia, alinipigia kwa video kila siku, nami nikamhangaisha mwanamke wa watu kwenye matope: shika simu huku, geuza kule, hebu nenda nyuma ya yale mawe. Nakijua kile kijiji sasa. Najua kanisa lake dogo, daraja linaloning'inia ambalo ubao mmoja umetoka, na mbwa gani anabweka kwenye geti lipi. Nimekuwa mtalii wa nchi nisiyoikanyaga, na naichukia, na siwezi kuacha kuitazama.

Wazee kule nyumbani Kamachumu walishaamua. Kwetu mtu akipotea majini asipatikane, unazikwa mgomba badala yake. Wameshauchagua, wananisubiri mimi nikubali. Na Wamegreli nao walikuwa wananisubiri. Tsiala alikuwa ametandika kitanda sebuleni, akalaza juu yake shati na suruali ya Modestus, viatu akaviweka chini, picha akaiegemeza kwenye mto. Kwao ndivyo anavyoliliwa mtu ambaye mwili wake haupo. Ila hakutaka kuanza bila ruhusa ya ndugu. Mzia aliponionyesha kitanda kile nilimtukana, nikamkatia simu. Nani kawaambia amekufa?

"Wewe una pasipoti, una kazi ya maana, una jumba hili," nikamwambia Wilfred. "Unashindwa nini? Labda kalazwa hospitali fulani, hajui hata jina lake!"

"Mela, yale maji ni barafu. Mimi nikafanye nini huko?"

"Ukasimame! Hata kusimama tu pale ukingoni!"

Nikampiga kifuani. Kahawa ikamwagika kwenye zulia. Kwetu mdogo hamwinulii mkono mkubwa wake, na mimi sikuwahi, lakini wakati ule ningempiga hata padri.

Hakufoka. Aliketi kwenye kochi, akalitazama lile doa.

"Walini-lay off Januari," akasema. "Viza yangu ilikuwa ya kampuni. Nime-apply nyingine, iko pending. Nikitoka, sirudi. Na watoto wako shule."

"Mbona hukusema?"

"Ningemwambia nani? Nyumbani mimi ndiye Wilfred wa Amerika."

Nilitaka kumcheka, nikashindwa. Muda wote ule nilikuwa nimejishikiza kwake. Kila nikitaka kukata tamaa, nakumbuka Wilfred yupo, Wilfred atakwenda, Wilfred atamleta. Sasa hakuna wa kwenda. Watoto wa mama mmoja, mmoja yuko majini, sisi wengine tuko kwenye makochi ya Katy, na hakuna awezaye kumfuata mwenzake. Nikakaa pale pale chini, kwenye zulia lililolowa, nikajua kwamba Modestus amekufa na kwamba nilijua tangu siku ya kwanza.

"Wapigie," Wilfred akasema.

"Akina nani?"

"Hao hao Wamegreli. Nani mwingine wa kumlilia?"

Mzia alipokea upesi, hana hata kinyongo. Kwao jua lilikuwa linaelekea kushuka. Nikamwomba radhi kwa yale matusi, kisha nikamwambia waanze.

Wanawake wakaja na nguo zao nyeusi, wakajaa sebule nzima mpaka mlangoni. Tsiala alikuwa na maswali, Mzia akayatafsiri. Kwao anayelia humsimulia marehemu maisha yake, na wao walimjua kwa muda mfupi mno. Mama yake aliitwa nani? Utotoni alipenda nini?

"Mama ni Paskazia," nikasema.

"Mtindi," Wilfred akadakia. "Alikuwa anakunywa mtindi wa nyumba nzima, anamsingizia paka. Paka wa watu alipigwa bure mpaka akahama." Akaanza kulia, mtu mzima na kipara chake, machozi mpaka kidevuni. Mzia akawatafsiria wanawake habari za paka, na baadhi yao wakatabasamu huku wanafuta macho.

"Tsiala anauliza jambo la mwisho," Mzia akasema. "Kwanza kabisa marehemu huambiwa nani amekuja kumlilia. Amwambie nani amekuja?"

"Amwambie hatukuja," nikasema. "Amwambie tupo, tuna afya zetu, na hatukuja. Asimdanganye."

Mzia akatafsiri. Tsiala akakigeukia kitanda, akajipiga kifua, akaanza. Sauti yake ilikuwa imekauka, kumbe alishalia sana bila kusubiri ruhusa ya mtu. Wenzake wakaipokea. Sikuelewa hata neno moja, mpaka niliposikia jina langu, halafu la Wilfred.

"Anasema nini?" nikauliza.

Mzia alijibu kwa taabu, naye alikuwa analia. "Anamwambia mmefika. Anasema mko hapo mlangoni, mmechoka na safari. Anaomba watu wawapishe."

Na wale wanawake wa mlangoni wakasogea huku na huku, wakaacha nafasi ya watu wawili.